Mapovu ya Mukwe Yangu

Mukwe yangu Clovis Chileshe, mi nilimujulia ku miguu. Miaka mine alikuwa bwana ya mutoto yangu Laurentine, miaka mine tuliikala karibu-karibu pa Élisabethville, kule mu mutaa ya Albert, nyumba yake na nyumba yangu inaachana na lupango moya tu, kiwanja ya bantu ya Kasai. Na ile wakati yote, ungeniuliza huyu kijana iko na pua ya namna gani, singejua. Lakini miguu! Ile miguu ningeitambua katikati ya miguu mia. Kidole kikubwa ya kuume inaangalia inje, kisigino imepasuka, na biatu anabivaa siku ya Mungu tu. Misa ikiisha anabivua na kubibeba mu mukono mpaka ku nyumba.

Kama weye ni mutoto wa leo, utacheka. Cheka, sitakukataza. Kwetu bukwe haikuwa muchezo. Mama na mukwe yake habaangaliane ku macho, habapane mukono, habakule pamoja. Akitokea mu njia, weye unaingia mu majani. Ukikosa majani, unafunika uso na kikwembe. Kama kuko neno ya kusema, unatuma muntu. Kama muntu hako, unaambia kuku.

Ndiyo, kuku! "Weye kuku, ambia ule mwenye iko ku mulango, Laurentine alienda ku soko." Na ku mulango sauti inajibu pole-pole: "Kuku, ambia Mama aksanti." Ile kuku tuliichinja Noeli, tukaanza na ingine.

Leo banasema ni ushenzi. Banasema vile, na bakwe yabo banabatukana mu barabara mbele ya bantu. Mi sitaki kusikia.

Huyu Clovis alizaliwa Sakania, kando ya reli. Baba yake alikuwa anapigilia misumari ya reli, na maji yenye Clovis alijua ilikuwa maji ya ndoo. Mutoni hakupata kuingia, ziwa hakupata kuona. Alipokuwa kijana akapanda gari-moshi, akafika Élisabethville, akapata kazi mu garaji ya muzungu moya, Bwana Lucien. Kazi yake ilikuwa hewa. Anapiga hewa mu mipira ya gari, anasikiliza fasi yenye inapumua, anaziba, anapiga tena. Usiku akilala, Laurentine alikuwa anasema, hata pumuzi yake inatoka vile.

Na kimya! Yesu wangu! Ungeweza kuikala na Clovis asubui mpaka magaribi, ungesikia "ee" na "hapana" tu, na ile "hapana" ni siku amechangamuka. Mwanzo mi nilipenda. Mukwe ya kusema mingi ni ya nini?

Siku moya nilikuwa nateka maji pa bomba ya robine, yeye akatokea ku kona na kinga, baisikeli yake, mbio. Majani hakuna, ukuta hakuna. Akaangalia huku, akaangalia kule, halafu akajitupa mu mufereji ya maji muchafu, yeye na kinga yote. Batoto ya Albert bakapiga makofi. Mi nikageukia mulingoti ya robine, nacheka mpaka ndoo ikamwangika. Ile siku nikasema mu roho: huyu mukwe iko na adabu, Laurentine alipata.

Sasa sikia vile mambo iliharibika.

Miaka mine, mutoto hakuna. Balienda ku misa, balienda ku dokta, mi mwenyewe nilizunguka soko yote kutafuta mizizi. Hakuna. Njo babamukubwa ya Clovis, Dominique, akatoka Sakania kuya kusalimia. Akakula nyama yetu, akapanguza mudomo, na mbele ya Laurentine mwenyewe akasema: "Clovis, mu nyumba hii kunakosekana muntu. Oa muke mwingine. Huyu atabaki kumusaidia kazi."

Clovis akaangalia chini. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Laurentine alikuwa amesimama na sahani mu mukono, anangojea neno. Akangojea, akangojea. Dominique akalomba maji ya kunawa.

Asubui mutoto yangu akakuya kwangu na kifurushi ku kichwa. Hakulia. Akasema: "Mama, simukasirikie muzee. Muzee ni muzee. Ninamukasirikia ule mwenye alinyamaza."

Yo! Damu yangu ikapanda. Mutoto nimemuzaa mi, nimemubeba mi, halafu muntu akule nyama yangu na kumuita boyi? Na bwana yake anyamaze kama amemeza jiwe? Nikasema: "Funga muzigo vizuri, tunaenda mbali."

Mi niko muntu ya ziwa, ya Moero. Kaka yangu Mutale alikuwa anavua samaki na kuikausha pa kisiwa moya kidogo, banaita Kashengo. Tukapanda kamyo, ile lori yenye ilileta samaki mu muji na ilikuwa inarudia mutupu Kasenga, tukanuka samaki mpaka ku nywele. Pa Kasenga tukapata mashua, tukashuka Luapula, tukaingia mu ziwa.

Kashengo hata ku karata ya inchi, ile ramani, hauioni. Mawe, miti kidogo, nyumba ya majani ya bavuvi, chanja za samaki na moshi yake. Ukikohoa upande huu, upande ule banakuambia pole. Upande ya matete kulikuwa mamba, hatukuenda kule. Lakini upande ya mawe maji ilikuwa wazi, wazi, unaona samaki banatembea chini na kivuli yabo. Duka hakuna, kanisa hakuna, kelele hakuna. Nikashusha muzigo, nikapumua. Nikasema: hapa mukwe hawezi kufika.

Na niseme wazi, nilifurahi kumupata Laurentine. Mi niko mujane. Usiku nilikuwa nalala na mutoto yangu pembeni, tunazungumuza, tunacheka kidogo. Nilitaka abaki. Ni zambi? Muulize mupadri, mi sioni zambi.

Kumbe kule Élisabethville, Shetani hakulala. Bwana Lucien alitumiwa kutoka Ulaya chupa mbili za chuma, zenye banajaza hewa. Unaifunga ku mugongo, unaingiza mupira mu mudomo, unavaa kioo ku macho na biatu ya mupira kama miguu ya bata, unashuka chini ya maji, unapumua. Muzungu iko na nyumba ya matofali, iko na barafu mu sanduku, iko na gari mbili, na konje, mapumziko ya kazi, ikifika anaenda kutafuta fasi ya kukosa pumuzi! Alikuwa anataka maji yenye bazungu bengine habajaingia. Njo siku moya pale garaji amekunjua karata ya inchi juu ya meza, anakuna kichwa, na Clovis, ule mwenye haseme bila kuulizwa, akaweka mupira chini na kusema:

"Patron, mi najua kisiwa moya."

Ni ile tu alisema, juu alijua kaka yangu anavua pa Kashengo. Bwana Lucien akafurahi, akamupiga ku bega, akasema Clovis atakuya naye kutunza mashine ya kujaza chupa. Ile habari niliipata nyuma. Unaona akili ya bantu ya kimya? Mi nilifikiri nimemukimbia, kumbe analetwa na mashua ya bazungu, na chakula juu.

Siku balifika nilikuwa nageuza samaki ku chanja. Mashua ikagusa mawe. Nikaona muguu moya inashuka mu mashua, kidole kikubwa inaangalia inje. Mawee! Nikaachilia samaki mu moto, nikajificha nyuma ya chanja. Yeye aliona kikwembe yangu inaruka, akajificha nyuma ya mapipa ya mafuta ya esanse. Bwana Lucien akabaki katikati pekee yake, anasema "Bonjour, bonjour," hakuna mwenye anamujibu.

Sasa fikiria mu kisiwa kama ile. Mi nikienda mashariki, yeye anaenda magaribi. Nikitoka ku nyumba, anaingia nyuma ya jiwe. Tulizunguka ile kisiwa kama mbuzi ku kamba. Bavuvi bakaacha nyavu kuya kutuangalia. Kama kaka yangu angekuwa pale, angekamata maneno ya Clovis na kunifikishia, na mambo ingekwisha vizuri ao vibaya, lakini ingekwisha. Lakini Mutale alikuwa Kasenga kuuzisha samaki, na bale bavuvi bengine, ukibapa neno moya banafikisha kumi.

Njo Clovis akatuma muzungu.

Bwana Lucien akakuya mbio, sukari mu mukono huu, chumvi mu mukono ule, akaikala juu ya kinu yangu. Juu ya kinu! Akasema na Swahili yake ya garaji: "Mama, Clovis nataka bibi yake. Weye hapana kasirika. Kwisha." Halafu, juu ya kuona sijibu, akafikiri nimekosa kusikia. Akasimama, akaenda kumukamata Clovis ku mukono nyuma ya mapipa, akamuvuta: "Kuya, kuya! Sema na Mama!" Mi nikajifunika kikwembe uso yote. Nilisikia ile miguu inakokotwa mu mawe, krr, krr.

Tangu asubui Bwana Lucien alikuwa anamulomba Clovis bajifunze kushuka pamoja, ati kitabu ya zile chupa inakataza muntu kushuka pekee. Na Clovis alikuwa anakataa: "Patron, mi niko muntu ya Sakania." Sasa huku mama mukwe, huku muzungu anavuta, nyuma ni maji. Nikamusikia anaita: "Patron, nifunge chupa. Sasa hivi. Funga, funga!"

Muzungu akafikiri ni ushujaa. Akamufunga, akamufundisha vile ya kupumua, bakaingia. Nilipotoa kikwembe ku macho, nikaona mapovu tu inapanda juu ya maji. Maji ukiivulia nguo, sherti uioge. Bengine banajifunza kushuka mu maji juu ya samaki, bengine juu ya feza. Huyu alijifunza juu ya kunikimbia mi.

Magaribi nikamuita Laurentine. "Bwana yako alituma neno. Unasema nini?"

Laurentine alikuwa anapasua kuni, hakusimamisha shoka. "Sitaki mudomo ya kukopa, Mama. Balinitukana mbele yake, akanyamaza. Akinitaka, aseme na mudomo yake mwenyewe, na aseme mbele yako. Kama hawezi, arudie na chupa zake."

Mbele yangu! Unasikia? Mukwe asimame mbele ya mama ya bibi yake, afungue mudomo, aseme? Ile haikufanyika tangu babu ya babu. Nikamuambia: "Umesema vizuri, mutoto." Na mu roho nikacheka, juu nilijua: basi, imekwisha, atabaki na mi.

Tangu ile siku Clovis akahamia mu maji. Nikitokea ku mawe, yeye anazama. Nikiondoka, anatoka. Nami, niseme ukweli, nikaanza kupenda ule muchezo. Nikakamata chungu safi, nikaenda kuiosha. Nikaikala pale, naosha, nasugua, na mapovu inasimama mbali kidogo, inangojea niende. Nikisogea kuume, mapovu inasogea kushoto. Bavuvi bakamupa jina Bwana Mapovu. Batoto babo bakawa bananipigia filimbi: "Mama, mukwe yako anachemuka!"

Nikapata na nafasi ya kumuambia yote yenye ilikuwa mu tumbo yangu. Kuku hakukuwa pale, nikasema na chungu. "Weye chungu! Kuko banaume benye banasikia bibi yabo anatukanwa, na bao banaangalia biatu. Na biatu yenyewe hababivae! Weye chungu, niambie, mudomo Mungu alimupa ya kukulia bukari tu?" Chungu ikanyamaza. Mapovu nayo, bulu-bulu-bulu. Chini kule hasikii kitu, mi najua. Lakini ilinifurahisha.

Na yeye, kumbe, alikuwa anaanza kupenda kule chini. Nyuma alimuelezea Laurentine, na Laurentine akanielezea mi. Alisema mwanga inashuka mu maji na kuchezacheza juu ya mawe. Alisema kuko samaki ya milia, ndogo kama kidole, zinakuya mpaka ku kioo, zinamuangalia macho kwa macho, hazijue bukwe. Alisema tena neno moya yenye mi nilikasirikia sana: ati chini kule hakuna mwenye anamulomba aseme. Angekuwa na hewa ya kutosha, angeikala. Ona muntu! Bibi yake anangojea juu ya mawe, yeye amepata inchi yenye bantu yote banaweka mupira mu mudomo.

Lakini hewa ni ya esanse, na esanse ya mashine ikaanza kuisha, na konje ya Bwana Lucien nayo. Siku ya kurudia ikafika. Asubui muzungu alikuwa anafunga mizigo mu mashua, anaimba wimbo ya kwabo. Laurentine akakuya kuikala juu ya mawe, pembeni ya maji. Hakusema juu ya nini amekuya. Uso yake ilikuwa imekauka. Nilijua anangojea vile alingojea ile siku na sahani mu mukono, na ikaniuma, lakini nikafunga roho. Nikakamata chungu yangu, nikaikala pembeni yake, karibu, bega kwa bega. Nilijua fasi yenye mi niko, yeye hawezi kukuya. Nilikuwa mulango, na mulango nilikuwa nimeifunga.

Kikwembe yangu ya kujifunika nilikuwa nimeifua, nimeianika juu ya jiwe nyuma yetu. Sikufikiri nitakuwa na kazi nayo.

Mapovu ikatokea ku kona ya mawe. Nikasema: anakuya kuangalia samaki zake mara ya mwisho. Lakini mapovu haikusimama mbali. Ikakuya pole-pole, mustari moya, mpaka mbele yetu, fasi yenye maji inafika ku kifua. Pale ikasimama.

"Weye chungu," nikasema, "ambia mapovu ile, mashua inamungojea. Aende salama, asalimie Albert."

Mapovu haikuondoka.

Kule ku mashua Bwana Lucien akainua kichwa, akaona chupa moya imekosa. Akaanza kupiga kelele, Kifaransa na Swahili pamoja: "Clovis! Chupa ile hapana hewa! Kwisha! Toka, toka!" Akaanza kukimbia juu ya mawe na kaputula yake, anateleza, anaanguka, anasimama.

Mapovu ikapunguka. Ikakuya kubwa moya, ndogo mbili. Halafu ndogo moya. Halafu maji ikalala.

Laurentine akasimama. Kama Clovis angetaka, angezunguka jiwe kubwa na kutoka kule nyuma, nisimuone, adabu ibaki adabu. Ilikuwa karibu. Mbona hatoki? Nikasahau hasira yote, nikaita, mi mwenyewe, na sikuita chungu: "Clovis! Toka, mutoto! Utakufa!"

Akatoka.

Akatoka mbele yangu kabisa, maji inamwangika ku kichwa, akatema mupira, akakohoa, akatapika maji. Na badala ya kugeuka, akafanya kintu yenye hakuna mwenye alimulomba: akakamata kioo na mikono mbili, akaivua ku uso. Akaniangalia.

Mi nikatafuta kikwembe, iko nyuma ku jiwe. Nikakamata kifuniko ya chungu, nikaiweka mbele ya macho. Lakini macho haina pazia, na kifuniko ya chungu yangu ilikuwa imevunjika pembeni. Nikamuona. Ku paji ya uso alama ya mupira inazunguka, makamasi inashuka, macho nyekundu, meno inagongana. Na pua yenyewe ni pua muzuri tu, haina kasoro.

"Mama," akasema.

Hakusema "chungu". Alisema "Mama".

"Mama, najua hii ni zambi ya bukwe, nitalipa. Ile siku nilinyamaza juu niliogopa. Hata leo ninaogopa, zaidi ya ile siku, na zaidi ya mamba. Lakini nasema." Akavuta pumuzi. "Mutoto akikuya, muzuri. Asipokuya, muzuri vile vile. Babamukubwa alisema mu nyumba yangu kunakosekana muntu. Ni kweli. Anakosekana muntu moya. Ni Laurentine."

Bwana Lucien, mwenye hakusikia yote, akafika na goti yenye kutoka damu, akasimama.

Mutoto yangu akashuka ku mawe na nguo yake yote, akaingia mu maji mpaka ku kifua, akafika kwake. Akaanza kufungua mikanda ya chupa ku mugongo yake, moya-moya, vidole yake inakosea, inarudilia. Alikuwa analia na kucheka. Yeye, mwenye hakulia siku aliacha nyumba. Chupa ikaanguka mu maji, Bwana Lucien akapiga kelele, hakuna mwenye alimusikia.

Na mi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa na kifuniko ku uso, nalia kwa hasira, juu kijana ameharibu bukwe yangu mbele ya bavuvi. Na nalia juu ile neno ilikuwa muzuri, na bwana yangu mwenyewe, Mungu amulaze, hakunipa neno kama ile hata siku moya. Na nalia juu nimeona nitalala pekee yangu. Bilio tatu kwa mara moya. Muntu ya umri yangu!

Nikasema kwa nguvu: "Kuku mbili! Moya juu ya kunionyesha uso, ingine juu ya kuniita mbele ya bantu!"

"Ndiyo, Mama," akajibu. Halafu, ona huyu muntu, maneno ikishafunguka haifungiki tena, akasema: "Mashua iko na nafasi. Mama naye akuye, arudie Albert. Asibaki hapa pekee."

Nikafunga muzigo. Mu mashua balinipa fasi ya mbele, yeye nyuma, mugongo kwa mugongo, na Laurentine katikati na nguo yenye maji. Bwana Lucien aliikala juu ya mapipa, anafunga goti yake na kitambaa, ananiangalia na kuangalia Clovis. Nafikiri mpaka leo hajaelewa kintu gani ilipita mbele yake.

Kuku alizileta, nene, bila kuchelewa. Nikapika, nikamuita akule mbele yangu vile desturi inafungua mulango ya bukwe, na sasa tunasalimiana kama bantu. Clovis iko bado ku garaji, na kimya yake imerudia, "ee" na "hapana". Ndani ya maji hakuingia tena. Jana nilipita kwabo, bote babili balikuwa mu lupango banagombana juu ya chumvi.

Miaka imepita. Mutoto hakukuya. Na muke wa pili, naye hakukuya.